"Huyu hatukumpigia kura": waziri mkuu wa Uingereza akibadilishwa katikati ya muhula, wananchi wanaonaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Leicester mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kulea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna bibi mmoja pale kila taarifa ya habari ikianza anafoka, "huyu hatukumpigia kura", na mzee anayekaa pembeni yake anamjibu kwamba hata wa kabla yake hukumpigia. Wanabishana mpaka chai inapoa. Mi nimekulia Tanga, kwetu ukichagua rais unajua umechagua rais. Naomba nieleweshe, hivi hawa Waingereza wakibadilishiwa waziri mkuu katikati bila uchaguzi wanaona sawa tu au wanaona wameibiwa? Na chama kikibadilisha mtu hivyo kinapona kweli kwenye kura za maoni, au wanapoteza muda?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo bibi ana haki ya kufoka na huyo mzee naye kasema kweli, kwahiyo we wapashie tu chai waendelee, maana huo ubishi ni mkongwe kuliko wao wawili.

Nianze na karatasi ya kura. Julai 4, 2024 kama uliingia kituoni uliona mwenyewe, unapewa karatasi, kuna penseli imefungwa kauzi, unaweka X mbele ya jina moja, unakunja, unatumbukiza, umemaliza. Jina la Keir Starmer, kiongozi wa chama cha Labour aliyetoka hapo kuwa waziri mkuu, hukuliona. Waliolikuta kwenye karatasi ni watu wa Holborn and St Pancras, jimbo moja huko London, basi. Wewe wa Leicester uliletewa watu wa Leicester, na ndo maana mwaka ule wakati Labour wanazoa viti nchi nzima, Leicester East wakaenda kinyume wakampa mtu wa Conservative, chama kilichokuwa madarakani, na Leicester South wakampa mgombea binafsi, kila jimbo na kesi yake. Majimbo yote ni 650. Wakishahesabu, kiongozi wa chama chenye wabunge wa kutosha anaitwa na mfalme anaambiwa aunde serikali, na hiyo ndo njia yenyewe ya kuwa waziri mkuu. Sasa chama kikimng'oa kiongozi wake, au akichoka mwenyewe akaondoka, wabunge si ni walewale, na idadi ni ileile, kwahiyo mfalme anamwita kiongozi mpya wa chama kilekile na maisha yanaendelea. Hakuna sheria inayomlazimisha huyo mpya kurudi kwa wananchi, kinachobana ni kwamba bunge moja lisizidi miaka 5.

Na hata kwetu usisahau Machi 2021. Magufuli alipofariki mama Samia aliapishwa bila uchaguzi wowote, ila yeye alizungushwa nchi nzima kwenye kampeni za 2020 kama mgombea mwenza, kwahiyo watu walijua likitokea la kutokea ni yeye. Uingereza hakuna mgombea mwenza. Anaweza akatokea mtu ambaye siku ya kupiga kura hukuwahi hata kumfikiria.

Mi huwa nalifananisha hili jambo na basi la Dar kwenda Mwanza. Tiketi umekata ya kampuni, dereva humjui. Mkifika katikati ya safari wanabadilishana, yule wa kwanza anaenda kulala kule nyuma, mwenzake anashika usukani, na nusu ya abiria wako usingizini hawana habari. Hakuna anayeamka kudai leseni. Lakini basi likianza kuyumba tu, basi zima litaamka na utasikia, "kwani huyu dereva kamleta nani?" Swali hilo lingeweza kuulizwa tangu dakika ile anakaa kwenye kiti, ila halikuulizwa. Ndo ninavyowaona Waingereza kwenye hili. "Huyu hatukumpigia kura" ni kweli miaka yote, lakini maneno hayo hupata sauti pale mfuko unapouma. Mtu akiwa na nafuu yake hata hakumbuki waziri mkuu kaingia kwa mlango gani.

Angalia idadi. Toka 1945 mpaka Sunak, watu 10 wameingia Downing Street, kwenye nyumba ya waziri mkuu, kwa mlango wa katikati: Eden 1955, Macmillan 1957, Douglas-Home 1963, Callaghan 1976, Major 1990, Brown 2007, May 2016, Johnson 2019, halafu mwaka 2022 peke yake wakaingia wawili, Truss na Sunak. Walioingia moja kwa moja kupitia uchaguzi mkuu, toka Attlee mpaka Starmer, ni mara 9, tena hapo Harold Wilson nimemhesabu mara mbili. Yaani kwa Waingereza kuingia katikati ndo kawaida, na kuingia kwa uchaguzi ndo kunafuata kwa nyuma kidogo! Ukimwambia hivyo yule bibi atabisha, lakini hesabu ndo hiyo.

Huyo Douglas-Home nimsimulie kidogo maana anatuhusu. Oktoba 1963 Macmillan akaugua, akaachia ngazi. Wakubwa wa Conservative wakakaa chemba, wakatoka na jina la lodi mmoja, yaani mtu wa bunge la juu lisilopigiwa kura, Lord Home, ndo huyo Douglas-Home, mtu ambaye hata mbunge wa kuchaguliwa hakuwa. Akapewa uwaziri mkuu Oktoba 19, siku chache baadaye akavua ulodi wake ili agombee ubunge, akatafutiwa jimbo la Kinross and West Perthshire huko Scotland, na uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 7. Hapo katikati kwa wiki kama mbili Uingereza ilikuwa na waziri mkuu ambaye hayumo kwenye bunge lolote kati ya mawili, kwa malodi katoka na kwa wabunge hajaingia. Sasa hesabu siku: Desemba 10 mwaka huohuo Zanzibar ikapata uhuru, Desemba 12 Kenya. Babu zetu wanakabidhiwa nchi, wanaambiwa lazima mpige kura kwanza tujue nani anawawakilisha, na anayekabidhi kule London ni serikali ya bwana ambaye wapiga kura waliowahi kuulizwa habari zake toka aukwae ukubwa ni wa jimbo moja la milimani Scotland. Mwaka uliofuata uchaguzi mkuu ukaja akashindwa, tena kwa nywele, Labour walipata wingi wa viti 4 tu.

Tuje kwenye swali lako la pili, kwamba inasaidia au haisaidii, na hapa nakupa niliyoyasikia kwa masikio yangu.

Mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi Leeds, na jioni nilikuwa napiga simu kwenye kampuni moja ya kura za maoni, masaa manne kila jioni kwa malipo ya kununua mchele na nauli. Unavaa hedseti, kompyuta inapiga namba yenyewe, ukipokelewa unasoma swali kama lilivyo kwenye skrini, hata neno moja huruhusiwi kubadilisha, na mtu akikuuliza "unamaanisha nini?" unalisoma tena vilevile kama kasuku. Majibu unayasoma, lakini jibu la "sijui" husomi, linakuwepo tu kwenye skrini, unasubiri mtu alitaje mwenyewe ndo ulibonyeze. Juni 27 Tony Blair akaondoka baada ya miaka 10, akaingia Gordon Brown, na ndani ya Labour hakuna aliyepata wabunge wa kutosha kumpinga kwahiyo hata wanachama wa chama hawakupiga kura. Kabla hajakaa vizuri yakakutwa magari ya mabomu London, kesho yake uwanja wa ndege wa Glasgow ukashambuliwa, halafu mafuriko, halafu Agosti ugonjwa wa midomo na miguu kwa ng'ombe. Jamaa akatulia, hana maneno mengi, watu wakampenda. Labour waliokuwa nyuma wakapanda juu, mwezi Septemba kuna kura za maoni zilimpa kama pointi 10 mbele.

Jioni moja nikampata mzee wa Hull, sauti nzito. Nikamuuliza ameridhika au hajaridhika na jinsi Gordon Brown anavyofanya kazi ya uwaziri mkuu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Nimeridhika, hajakosea bado." Mi nikabonyeza "ameridhika", maana hakuna kitufe cha "hajakosea bado". Mpaka leo nikiona wanashangilia kwamba waziri mkuu mpya kapandisha chama namkumbuka yule mzee, kwa sababu namba inayotoka gazetini imebeba watu wengi wa aina yake, ambao hawajampenda mtu, wamempa tu muda. Sisi tunasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku za kura za maoni za mwezi wa kwanza ni kinyemi kitupu.

Kilichofuata nacho kinafundisha. Ikavuma kwamba Brown ataitisha uchaguzi wa haraka ili apate baraka zake mwenyewe. Conservative wakafanya mkutano wao, msemaji wao wa fedha George Osborne akaahidi kodi ya mirathi isiguse mali ya chini ya pauni milioni 1, ndani ya wiki ule uongozi wa pointi 10 ukayeyuka, na Oktoba 6 Brown akatangaza hakuna uchaguzi. Pale kwenye simu nilisikia mabadiliko kabla sijayasoma kokote. Julai hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia Brown hakuchaguliwa. Novemba wakaanza, "kwani huyu nani kamchagua?", walewale waliokuwa wameridhika naye. Jinsi alivyoingia haikubadilika hata kidogo kati ya Julai na Novemba! Kilichobadilika ni kwamba sasa walimuona muoga, na mwaka uliofuata mabenki yakaanguka, ikawa basi tena. Mwaka 2010 wakamtoa.

Sasa mlinganishe na John Major. Kabla yake Margaret Thatcher wa Conservative alikuwa kashinda chaguzi tatu, 1979, 1983 na 1987, halafu akaleta kodi waliyoiita poll tax, ambayo kwa Kiswahili ina jina kabisa, kodi ya kichwa, bibi zetu waliijua fika enzi za mkoloni. Kila mtu mzima alipe kiwango kimoja kwa halmashauri yake, lodi kwenye kasri na mfagizi wa lile kasri wanalipa sawa. Scotland ilianza 1989, England na Wales 1990, na Machi 31 mwaka huo London pale Trafalgar Square palichafuka, fujo kubwa. Novemba wabunge wake mwenyewe wakapiga kura, akapata 204 dhidi ya 152 za Michael Heseltine, waziri wake wa zamani, ambayo ni ushindi ila kanuni yao ilidai pengo kubwa zaidi na alipungukiwa kura 4. Akajiuzulu. Akaingia Major, mtu mpole ambaye wengi walikuwa hawamjui vizuri, na Conservative waliokuwa chali kwenye kura za maoni wakarudi juu karibu mara moja. Lakini yeye hakubaki na sura mpya tu, ile kodi aliiua, ikaletwa kodi nyingine mwaka 1993, na ndo hiyohiyo council tax unayoilipa wewe hapo Leicester kila mwezi ukinung'unika. Aprili 1992 akaenda kwa wananchi akapata kura zaidi ya milioni 14, idadi ambayo chama chochote Uingereza hakijawahi kuifikia kabla wala baada. Na malalamiko ya "hukuchaguliwa" hayakumsumbua, kwa sababu watu walikuwa na kidonda kimoja wanakijua jina, na huyu kakitibu.

Kwahiyo mtu akiniuliza chama kitapona, mi naangalia kama wamebadilisha dereva peke yake au wameziba na tairi.

Kuna na wale waliopendwa wao chama kikachukiwa. Callaghan, aliyempokea Wilson 1976, mpaka siku ya uchaguzi wa 1979 watu wakiulizwa yeye na Thatcher nani angefaa zaidi kuwa waziri mkuu, yeye ndo alikuwa anaongoza. Akashindwa vilevile. Majira ya baridi ya kabla ya hapo migomo ilijaa, takataka zinarundikana mitaani, kuna mahali hata wachimba makaburi waligoma, na serikali yake ikaangushwa bungeni kwa kura moja, 311 kwa 310. Mtu anaweza kukuambia mzee Jim Callaghan ni mtu safi sana, halafu akaingia kituoni akampa X mwingine.

Tuje 2022, ambayo naamini bibi yako ndo anaifokea hasa hata kama haitaji. Boris Johnson aliondoka baada ya mawaziri, manaibu na wasaidizi wao zaidi ya 50 kumkimbia ndani ya siku chache za Julai. Conservative wao kanuni yao ilikuwa wabunge wanachuja mpaka wabaki wawili, halafu wanachama wa chama nchi nzima wanachagua mmoja. Wanachama wenye haki walikuwa kama 172,000, kwenye nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 46. Liz Truss akapata kura 81,326, Rishi Sunak 60,399. Uwanja wa Wembley unachukua watu 90,000, yaani ukiwakusanya wote waliompa Truss nchi, Wembley haujai. Hapa malalamiko yana nyama, nakubali. Wabunge wakichagua kiongozi angalau kila mbunge kapigiwa kura na jimbo lake, unaweza kusema sauti yako ipo kwa mbali. Wanachama wanaolipa ada ya chama wao hawajatumwa na mtu.

Lakini hata hapo, wiki mbili za mwanzo kelele zilikuwa za kawaida tu, tena Malkia Elizabeth alifariki Septemba 8, siku mbili baada ya kumteua, nchi ikawa msibani. Moto uliwaka Septemba 23. Waziri wake wa fedha Kwasi Kwarteng akasoma bajeti ndogo, punguzo la kodi la pauni bilioni 45 na pesa ya kuziba haionekani. Jumatatu yake pauni ikashuka mpaka karibu dola 1.03, haijawahi kushuka hivyo. Jumatano Benki Kuu ikaingia kununua dhamana za serikali kuokoa mifuko ya pensheni. Mabenki yakafuta ofa za mikopo ya nyumba, na riba ya mkataba wa miaka miwili ikapita asilimia 6. Mwishoni mwa Septemba YouGov, kampuni ya kura za maoni, wakatoa Labour asilimia 54, Conservative 21. Katikati ya Oktoba wakauliza kuhusu Truss mwenyewe, asilimia 10 wanamwona vizuri, 80 wanamwona vibaya. Gazeti la Daily Star likaweka letusi mbele ya kamera wakampachika nywele za bandia, tuone nani ataoza mwanzo, na letusi likashinda. Siku 49.

Akaja Sunak Oktoba 25, na safari hii hata wale 172,000 hawakuulizwa, mpinzani wake alijitoa ikawa kapita bila kupingwa. Baba yake alizaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika, sisi wa huku tuliongea sana hilo, ila wapiga kura wa Uingereza hawakulifanyia kazi. Kura za maoni zilionyesha zaidi ya nusu ya watu wanataka uchaguzi mkuu, na ombi la kutaka uchaguzi kwenye tovuti ya bunge likapata sahihi laki kwa laki. Sunak akatuliza soko la fedha kweli, pengo lao na Labour la pointi 30 na kitu likashuka kwenye 20 na kitu, na mwanzoni watu walimpenda yeye kuliko chama chake. Halafu ikagoma pale.

Kwanini iligoma? Wachambuzi wengi watakupa sababu 10, mi nakupa bahasha. Mikopo mingi ya nyumba huku riba inafungwa miaka miwili au mitano. Kwahiyo maumivu ya 2022 hayakuwafikia wote siku moja, kila mwezi kuna kundi mkataba wao unaisha, wanafungua bahasha ya benki, wanakuta marejesho yamepanda kwa mamia ya pauni. Kwenye ramani ya siasa Truss ni historia, lakini kwenye meza ya jikoni ya mtu wa Nuneaton bajeti ile ndo inaingia leo, na anayeonekana kwenye televisheni siku hiyo ni Sunak. Mwaka 2024 Conservative wakapata asilimia 23.7 na viti 121, matokeo mabovu kuliko yote kwenye historia yao. Truss mwenyewe jimboni kwake South West Norfolk, alikokuwa na wingi wa kura zaidi ya 26,000, alipoteza kwa kura 630.

Sasa hilo la "zaidi ya nusu wanataka uchaguzi", mdogo wangu, lisome kwa macho mawili. Ukiuliza kama kuwe na uchaguzi sasa hivi, wa upinzani karibu wote watajibu ndio, hata kama waziri mkuu ni malaika na kachaguliwa jana. Novemba 2024, miezi minne tu baada ya Labour kushinda uchaguzi mkuu halali kabisa, ombi la kutaka uchaguzi urudiwe lilipata sahihi zaidi ya milioni 2. Hapo hakukuwa na suala la kubadilishiwa mtu, ilikuwa hasira tu imepata fomu ya kujaza. Na siku uchaguzi ukija kweli? Theresa May aliingia katikati Julai 2016, watu walewale wakamwambia hukuchaguliwa, yeye akaona anaongoza zaidi ya pointi 20 kwenye baadhi ya kura za maoni, Aprili 2017 akaitisha uchaguzi. BBC wakaenda mtaani Bristol kumuuliza bibi mmoja anaonaje, bibi akang'aka kwamba mnanitania, uchaguzi mwingine tena! Nchi nzima ikacheka kwa sababu alisema la moyoni mwa wengi. May akarudi bungeni bila wingi aliokwenda nao.

Kitu cha mwisho cha kuangalia ni zile kura za maoni za kufikirika, "je, chama kikiongozwa na fulani utakipigia?" Magazeti yanazipenda mno, na wabunge wenye hofu ya kupoteza viti ndo wanazisoma usiku. Brown kabla hajaingia zilimwonyesha atashindwa vibaya na David Cameron, kiongozi wa Conservative wakati ule, akaingia akapanda. Heseltine 1990 zilimwonyesha mkombozi, na kweli zilimsaidia kumtikisa Thatcher, halafu siku chache baadaye zikamwonyesha Major naye mkombozi vilevile. Mtu akiulizwa kuhusu mtu asiyemjua anajibu kuhusu anayemjua, yaani anakuambia amemchoka aliyepo. Starmer Septemba 2025, Ipsos, nao ni watu wa kura za maoni, walikuta asilimia 13 wameridhika naye na 79 hawajaridhika, na kwa namba kama hizo karibu jina lolote ukiliweka pembeni yake litang'aa, hata la mtu ambaye muulizwaji hawezi kumtambua akimpita dukani. Namba hiyo inapima uchovu. Haijapima bado huyo mpya akipandisha kodi au treni zikigoma kwenye mwezi wake wa tatu, si unajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Na wewe usikae pembeni kama mtazamaji. Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali, mwenye viza inayoeleweka na miaka 18, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu wao kwa sababu tuko Jumuiya ya Madola, sawasawa na Mkenya, Mganda na Mnyarwanda. Wenzetu wa Kongo na Burundi hawana hiyo nafasi mpaka wachukue uraia. Wengi wetu hatujui, tunadhani ni mambo ya wenye pasi nyekundu na bluu. Kujiandikisha ni kwenye mtandao, dakika kama tano, wanakuuliza anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya National Insurance, yaani bima ya taifa. Siku hizi kituoni wanadai kitambulisho chenye picha, na pasi yako ya Tanzania inakubalika, usiogope kuitoa. Ukishajiandikisha mwambie yule bibi, halafu muulize yeye mara ya mwisho X yake alimpa nani wa Leicester, jina lake, si la chama. Nitafurahi kujua kama analikumbuka.